Manati chini, macho juu: Mchezo wa ndege kwa watoto wa Butembo na Beni

BUTEMBO – Mtoto wa Butembo akifika miaka minane huwa tayari anajua mengi kuhusu ndege. Anajua kwera wamejenga kwenye mti upi, mwewe hushuka saa ngapi karibu na machinjio, na njiwa wa jirani wanalala wapi. Mara nyingi hayo yote amejifunza akiwa na manati mkononi.

Kwa hiyo anayetaka kuwapendezesha watoto wetu ndege haanzi na ukurasa mtupu. Anaanza na watoto ambao jicho lao limeshanolewa, ila limenolewa kwa ajili ya jiwe. Kazi iliyobaki ni kubadilisha mchezo: badala ya kushinda kwa kuangusha, ashinde kwa kuona, kutaja na kuhesabu.

Jambo hili si geni duniani. Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, watu walikuwa na desturi ya kutoka Sikukuu ya Noeli kwa makundi na bunduki, na kundi lililoua wanyama na ndege wengi zaidi ndilo lilishinda. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman, wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, alipendekeza mashindano yabaki, siku ibaki, makundi yabaki, lakini ndege wahesabiwe wakiwa hai. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watu 27 katika maeneo 25. Hesabu hiyo ya Noeli inaendelea hadi leo, na wanaoshiriki ni makumi ya maelfu. Chapman hakuwahubiria wenye bunduki. Aliwapa mchezo mwingine wa kushindania.

Uingereza nayo iliwaanza watoto. Mwaka 1979 shirika la kulinda ndege la nchi hiyo, kwa kushirikiana na kipindi cha watoto cha televisheni, liliwaomba watoto wakae saa moja tu wahesabu ndege wanaotua uani kwao. Wazazi walifuata watoto. Leo ni zoezi la taifa zima kila Januari.

Karibu nasi, Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori mashuleni tangu 1968, na Uganda kila mwaka hufanya siku ya mashindano ambapo timu hupewa saa 24 kuona nani atataja aina nyingi za ndege. Sisi tunaopakana na Uganda, tunaovuka Kasindi kila siku kwa biashara, tumeleta kutoka huko nguo, sabuni na pikipiki. Mchezo huu, ambao haulipi ushuru, bado haujazoeleka kwetu.

Uani panatosha

Pingamizi la kwanza atakalotoa mzazi wa Beni linajulikana: huku si mahali pa kumpeleka mtoto msituni. Ana haki. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamefanya mashamba na misitu ya Mbau, Oicha, Eringeti na kwingineko kuwa mahali ambapo hata mtu mzima huenda kwa hesabu. Yeyote anayependekeza matembezi ya watoto pembezoni mwa mji hajui anachosema.

Lakini ndege hawakai msituni tu. Mparachichi mmoja uliopo kwenye uwanja wa shule huko Bulengera au Mulekera, katika asubuhi moja, huweza kupokea chozi wanaofyonza maua, kundi la wale ndege wa kijivu wenye mkia mrefu kama wa panya, shorewanda anayepiga kelele kabla ya wote, na hua wawili. Juu ya paa la bati kuna shomoro. Kwenye dimbwi karibu na bomba kuna kile kindege cheusi na cheupe kisichotulia bila kutikisa mkia. Angani kuna mwewe na kunguru wenye kifua cheupe. Hao tayari ni aina nane, na hakuna mtoto aliyevuka uzio.

Saa nayo inatusaidia. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na saa ambayo ndege wanachangamka ndiyo ileile ambayo watoto wako njiani kwenda shule. Huko Ulaya wapenda ndege hulazimika kuamka usiku wakati wa kiangazi. Mtoto wa Kimemi hahitaji kuamka mapema kuliko anavyoamka sasa.

Wala darubini haihitajiki. Na tuseme ukweli, katika Beni ya leo mtu anayezunguka na darubini karibu na kituo cha askari atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Macho, sikio, kipande cha karatasi na kalamu vinatosha.

Loto ya ndege

Mchezo rahisi kuliko yote ni loto, ambayo watoto wengi wanaijua. Mwalimu au dada mkubwa anakata kadi kutoka kwenye katoni, anachora visanduku tisa, na kila timu inapewa kadi moja na punje tisa za maharagwe. Anayeona kilichoandikwa kwenye kisanduku anaweka haragwe. Mstari ukijaa, timu inapiga kelele, kisha kila mtu ananyamaza tena kwa sababu kelele imefukuza ndege wa wengine.

Ujanja uko katika kile kinachoandikwa. Ukiandika majina ya ndege, mchezo unageuka mtihani, na anayejua Kifaransa vizuri atashinda kila siku. Andika mambo ya kuonekana: ndege mwenye mdomo mrefu kuliko kichwa chake, ndege aliyebeba jani au unyasi, ndege wawili wakigombana, ndege anayetembea bila kuruka-ruka, sauti ambayo mwenyewe haonekani, kiota ambacho mlango wake uko chini. Hapo mtoto wa darasa la pili anaweza kumshinda wa darasa la sita. Hata asiyejua kusoma anacheza, ikiwa visanduku vimechorwa badala ya kuandikwa.

Kanuni mbili zinafaa ziwekwe tangu mwanzo. Ya kwanza: ndege anahesabiwa tu kama ameonwa na watu wawili. Bila hiyo, kufikia siku ya tatu kila mtoto wa Butembo atakuwa amemwona tausi. Ya pili: mikono mfukoni. Hakuna kugusa ndege aliyekufa, kinyesi, yai wala kinda. Miji hii haihitaji kufundishwa sababu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, ulipiga Butembo na Katwa vibaya, ukaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Ndege hawakuwa chanzo cha ugonjwa ule, lakini kanuni ya kutogusa mnyama aliyekufa ilijifunzwa kwa bei kubwa, na haina sababu ya kusahauliwa uwanjani.

Mchezo wa pili unatoka kwenye lugha yenyewe. Watoto hutega vitendawili jioni. Wategeane vya ndege. Anayetega ni lazima awe amemwona ndege huyo wiki hiyo, na aeleze jambo aliloliona mwenyewe.

– Kitendawili!
– Tega!
– Padri wangu havui kanzu nyeusi, kifua chake cheupe, kazi yake kuzunguka jalalani.
– Kunguru!

Au: fundi wangu anashona nyumba bila sindano na kuitundika mlango ukiwa chini. Huyo ni kwera. Au kwa watoto wa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward: mzee wangu ana kipara na mfuko shingoni, anawangoja wavuvi kuliko wake zao. Huyo ni marabu, na kule kwenye mialo hakuna asiyemjua.

Akikosekana wa kutegua, anayetega hapewi mji. Anapewa kazi ya kuwaonyesha wenzake ndege huyo kesho yake.

Mchezo wa tatu ni wa kukaa kimya. Kila mtoto anaketi peke yake ndani ya uwanja, anachora msalaba mdogo katikati ya karatasi, huo ndio yeye. Kwa dakika kumi kila sauti ya ndege anayoisikia anaiwekea alama upande ilikotoka, karibu au mbali. Mwishoni darasa linaunganisha karatasi na kuona ni mti upi una wenyeji wengi. Watu wazima hudhani mtoto hawezi kunyamaza dakika kumi. Watoto wa Beni wanaweza, na wengi wao walijifunza kusikiliza mahali sauti inapotoka kwa sababu ambazo hakuna mtoto angepaswa kuwa nazo. Mwalimu mwenye busara ataanza na dakika mbili, mchana, watoto wakiwa wawili wawili, na hatamlazimisha yeyote kufumba macho.

Mwenye manati awe nahodha

Tukirudi kwa wale wenye manati. Kishawishi cha kwanza cha mtu mzima ni kuzinyang'anya na kuzichoma. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Kijana anayewinda kwa manati ndiye anayejua viota viko wapi, ndege gani anarudi mti uleule, na namna ya kusogea bila kivuli chake kutangulia. Akifukuzwa kwenye mchezo ataenda kuwinda, na viota anavijua vyote. Akifanywa nahodha wa timu, na timu yake ikapata pointi kila siku kwa kiota ambacho bado kina makinda, viota hivyo vinakuwa mali ya timu. Atavilinda dhidi ya manati za timu nyingine.

Kuna swali la nyama, na halifai kupuuzwa. Katika familia nyingine hua mmoja ni mboga. Mchezo wa shule hautajaza sufuria ya mtu, na si vizuri kumwambia mtoto mwenye njaa kwamba amefanya dhambi. Lakini sehemu kubwa ya mawe yanayorushwa mitaani hayalengi nyama. Yanalenga shomoro, chozi na kwera, ndege ambao hawatoshi hata kijiko. Hao wanapigwa kwa sababu ya mchezo, na mchezo ndio unaoweza kubadilishwa.

Kasuku ni habari nyingine. Kasuku wa kijivu wa misitu yetu hakamatwi na watoto kwa mchezo, anakamatwa na watu wazima kwa dola. Mwaka 2016 nchi zilizokutana Johannesburg zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotoka porini. Mtoto aliyezoea kuhesabu atauliza kwa nini ndege anayesimuliwa na babu kwamba alipita kwa makundi sasa yuko ndani ya tundu tu. Ni swali zuri kuulizwa mezani.

Majina yanayopotea

Hapa ndipo mchezo huu unapokuwa na uzito zaidi ya burudani. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa jina la ndege aliyemwona atajibu kwa Kiswahili kwa ndege watano au sita: kunguru, mwewe, njiwa, kuku, bata, bundi. Kwa Kifaransa ataongeza wale wa kwenye kitabu, wengine wao wa Ulaya ambao hatawaona kamwe. Waliobaki wote ni "kandege".

Bibi yake, aliyekua akilima Kyondo au Luofu, ana majina ya Kinande kwa ndege wengi zaidi, na kwa baadhi yao ana pia habari: huyu akiimba mvua iko karibu, yule anaonyesha asali, huyu usimtaje usiku. Kwa hiyo weka kanuni hii: ndege asiyejulikana jina ana pointi moja, na ana pointi tatu kama kesho mtoto atarudi na jina alilopewa nyumbani. Utaona jioni hiyo watoto wakiwasumbua wazee. Daftari la darasa likijaa baada ya muhula mmoja, shule itakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani.

Katika mchezo huu, watoto waliokimbia vita wana akiba kubwa. Waliotoka vijiji vya msitu kaskazini mwa Beni wanawajua hondohondo na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi anayelia kama injini, ambao mtoto aliyezaliwa mjini amewasikia tu. Waliokimbilia Butembo kutoka kusini mwa Lubero mwaka 2024, mapigano yalipofika Kanyabayonga na Kirumba, wamekuja na wao. Darasani mara nyingi mkimbizi ni yule asiye na sare na asiyejua wenzake. Kwenye timu ya ndege, yeye ndiye ambaye kila nahodha anamtaka.

Na kuhesabu kwenyewe si mambo ya wageni. Pale Ishango, mahali Mto Semliki unapoanzia kwenye Ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Una umri wa miaka takribani 20,000, na wataalamu wengi wanaamini ni alama za hesabu. Mtoto anayechora vijistari kwenye katoni kila anapoona mbayuwayu anafanya kazi ambayo eneo hili limeifanya kabla ya Misri kuwa na mafarao.

Unyoya wa Avakubi

Mwalimu akitaka hadithi ya kuanzia somo, ipo moja ya barabara yetu ya magharibi, ile inayotoka Beni kwenda Mambasa na msitu wa Ituri. Mwaka 1909 kijana Mmarekani wa miaka 19, James Chapin, alikuja Kongo na msafara wa makumbusho yaleyale ya New York aliyofanyia kazi Chapman. Mwaka 1913 akiwa Avakubi, kwenye Mto Ituri, aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji. Manyoya mengine yote aliyatambua. Huo mmoja hakuujua. Aliuhifadhi.

Ilimchukua miaka 23. Mwaka 1936, ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati na kuandikwa kwamba ni tausi wachanga wa India. Manyoya yalikuwa yaleyale. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege ambaye sayansi haikujua kabisa kwamba yupo. Mwaka uliofuata Chapin alirudi akamkuta msituni. Mwenyeji aliyeuvaa unyoya ule bila shaka alimjua ndege huyo tangu utotoni, na hilo nalo linafaa kusemwa darasani.

Butembo ina wa kwake pia. Mwaka 1967 ndege mmoja wa jamii ya shorewanda, mgongo wa kijani, kichwa cha kijivu na koo jeupe, alipewa jina la Prigogine, mtaalamu aliyetumia miaka mingi akichunguza ndege wa mashariki ya Kongo. Dunia nzima inamjua ndege huyo kutoka sehemu mbili tu: uwanda wa Lendu kule Ituri, na milima ya magharibi mwa Ziwa Edward, karibu na Butembo. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka kwa sababu misitu midogo anayoishi inakatwa kwa mashamba, kuni na makaa. Mikaratusi tuliyoipanda kila kilima haimfai. Timu za mpira, vyuo na redio za mji huu zimebeba majina mengi. Sijasikia hata moja linalomhusu.

Ng'ambo ya mpaka, huko Bundibugyo, Hifadhi ya Semuliki ya Uganda ni kipande cha msitu uleule unaoendelea kutoka Ituri. Wageni hutoka Ulaya na Marekani, hulala hotelini na kulipa waongozaji wa Kiganda ili waonyeshwe ndege wa msitu wa Kongo bila kukanyaga Kongo. Kwetu kuna Virunga, iliyoanzishwa 1925, yenye aina zaidi ya 700 za ndege. Vita vikiisha, waongozaji watahitajika. Umri wa kuanza kujifunza kazi hiyo ni miaka minane.

Tarehe za kuanzia hazikosekani. Siku ya Dunia ya Ndege Wanaohama huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya pili ya Oktoba. Ile ya Oktoba inafika wiki chache tu baada ya shule kufunguliwa, wakati mbayuwayu wa Ulaya wameanza kuonekana kwenye nyaya za umeme, na wanabaki nasi hadi karibu na Pasaka. Shule moja ya Butembo na moja ya Beni zinaweza kuhesabu siku hiyohiyo, kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, kila moja ndani ya uzio wake, kisha walimu watumiane orodha kwa simu. Miji hii imetenganishwa na kilomita 54 za barabara lakini pia na mita zaidi ya 500 za mwinuko, kwa hiyo orodha hazitafanana. Beni, iliyo chini na karibu na msitu, itaanza ikiwa mbele. Butembo italazimika kutafuta.